Chupa Isiyoganda

Katika maabara yetu pale Arua Hill kulikuwa na kimiminika chenye tabia ya samli: ukikiweka kwenye friji kinaganda, ukikitoa kinayeyuka. Maabara nyingine hukiweka kabatini na hakuna usumbufu. Sisi tulikirithi kwenye friji kutoka kwa fundi aliyenitangulia, na kwetu kitu kilichorithiwa hakiulizwi swali. Kwa hiyo kila asubuhi ya kazi niliitoa ile chupa ya kahawia, nikaishika kati ya viganja, na siku za haraka niliibana kwapani ndani ya koti langu jeupe, mpaka kile kipande kigumu cha ndani kilegee na kuanza kucheza. Nilifanya hivyo kwa miaka. Nakijua kimiminika kile kuliko ninavyowajua baadhi ya wakwe zangu.

Jina lake refu halina faida kwako. Tulikiita kiyeyushi, kwa sababu kazi yake ni kuyeyusha unga ambao maji hayauwezi. Naandika habari zake kwa sababu chupa moja ya kiyeyushi hicho ilimgharimu shangazi yangu kazi yake na jina lake zuri katika mji wa Koboko, na aliyemwandika kwenye fomu ni mimi, kwa kalamu yangu, nikiwa na akili zangu timamu.

Nianze na ule unga. Watu wa Adumi, nyumbani kwa wazazi wa mume wangu, waliamini kwamba natengeneza dawa. Kila nilipokwenda kule kung'oa mihogo mwisho wa wiki, hakukosekana wa kunivuta pembeni kuuliza kama sijabeba hata vidonge viwili. Niliwaeleza mpaka nikachoka. Unga wetu haukumponya mtu, na ukimpa mtu huenda ukamuua. Ulikuja kwenye vichupa vidogo, kila kichupa na namba badala ya jina, na unga wenyewe ulikuwa kidogo kiasi kwamba ukikiinua kichupa kwenye mwanga unadhani mtu amepumulia kioo tu. Kazi yake ilikuwa kuuliza. Kimelea cha malaria kinakaa ndani ya damu kama mwizi ndani ya nyumba yenye milango mingi. Unga wa namba hii unaufunga mlango mmoja, wa namba ile unaufunga mwingine, halafu wewe unakaa na kutazama anatokea wapi. Akifia humo ndani, umejua mlango gani ndio aliokuwa akiutegemea. Watengeneza dawa watakuja baadaye, wakija. Baba mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, akasema basi kazi yetu ni ya polisi, tunauliza watu maswali na majibu hayarudi. Nilicheka, lakini nilikasirika pia.

Shangazi yangu ni dada wa baba, mzaliwa wa kambini. Babu alikuwa askari, na watoto wake walikulia katika Kiswahili cha kambi, kile kisichojali kama kitu ni kimoja au vingi. Hadi leo shangazi akiwa na furaha anaongea Kikakwa, akiwa na jambo la maana anahamia Kiswahili. Alipofiwa na mumewe alibaki na nyumba, shamba dogo la ufuta, simsim kwetu, na mikono isiyojua kukaa. Mradi wetu ulipofungua kituo kidogo Koboko, vyumba viwili nyuma ya zahanati, ambapo damu za wagonjwa zilichukuliwa na kuletwa kwetu Arua, nilimwombea kazi ya kuosha vyombo vya kioo na kuangalia mtambo wa maji. Alipewa koti jeupe. Alilipiga pasi ya mkaa kila jioni na kulivaa njiani kwenda na kurudi, jambo ambalo kanuni zinalikataza, na mimi nililifumbia macho. Wanawake wa sokoni walimwita Dokta Mama. Alijifanya hapendi.

Mimi ndiye niliyemfundisha kazi, na alifundishika kuliko vijana wenye vyeti. Chombo kinaoshwa kwa sabuni, kinasuuzwa mara tatu kwa maji ya bomba, kisha mara tatu kwa maji ya mtambo, kisha kinafudikizwa kikauke bila kuguswa na kitambaa. Mtambo wenyewe ulikuwa ukichemsha maji na kukusanya mvuke wake, tone moja moja, na kwa umeme wa Koboko ungeweza kungoja asubuhi nzima kupata jerikani moja. Aliniuliza kwa nini tusumbuke hivyo wakati kisima kiko karibu. Nikamwambia maji yale ni safi kuliko yote aliyowahi kuyaona, hayana chumvi, hayana vumbi, hayana kitu chochote ndani. Aliitikia kwa kichwa. Tangu siku ile hakuna mtu aliyeruhusiwa kunawa kwa maji ya mtambo, hata mganga wa zahanati.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo lazima nilieleze, maana bila hilo utamwona shangazi yangu mjinga, na mjinga hakuwa yeye. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kwake na upungufu. Ukiletewa bakuli la kunde, bakuli litarudi na chochote, hata konzi ya chumvi, hata viazi viwili. Ukiazima kikombe cha mafuta kilichojaa nusu, unarudisha kilichojaa. Shangazi na jirani yake walipigana vita vya bakuli moja kwa miaka. Lilivuka ua huku na huku likiwa limejaa, na hakuna aliyekumbuka tena lilikuwa la nani. Bibi alikwenda mbali zaidi. Familia za askari zilipokimbilia Kongo baada ya serikali yao kupinduliwa, bibi alivuka mpaka akiwa na ungo wa jirani kichwani, kwa kuwa ndiyo siku aliyokuwa ameuazima. Waliporudi baada ya miaka, jirani alimkuta bibi mlangoni na ule ungo, umejaa karanga. Hadithi hiyo tulilishwa pamoja na uji. Shangazi aliishi ndani yake.

Mwaka ule Dokta aliamua tukafanyie majaribio Koboko kwenyewe, ili damu isisafiri. Dokta ndiye aliyekuwa mkuu wa utafiti wetu. Alikaa Kampala na kutujia kila baada ya majuma machache akiwa na begi la magurudumu na hasira za barabarani. Mimi nilikwenda na vifaa vyangu, na chupa ya kiyeyushi ikiwa imesimama katikati ya miguu yangu ndani ya gari. Nilikaa kwa shangazi majuma matatu. Ilikuwa Ramadhani. Alifunga, akanipikia mimi mtu wa kanisa mchana bila hata kuonja chumvi, na haikupungua wala kuzidi.

Siku moja akiosha vyombo vyangu, tone la kiyeyushi lilipenya kwenye tundu la glavu yake. Kimiminika kile kina mzaha wake: kikigusa ngozi, baada ya muda mfupi unasikia kitunguu saumu mdomoni, ingawa hujaweka kitu kinywani. Shangazi alisimama, akalambalamba midomo, akanitazama kwa mashaka.

"Dawa yenu iko na mutu ndani anapika," akasema. "Sasa kufunga yangu imevunjika?"

Nilimwambia kilipita kwenye ngozi, hakikupita mdomoni. Alifikiri, akasema atauliza msikitini, na kesho yake akanipa jibu kwamba saumu iko salama lakini nibadilishe glavu za watu. Nakumbuka tulicheka mpaka nikaharibu hesabu ya vishimo vya damu kwenye sahani yangu ya majaribio. Ni miongoni mwa siku za mwisho nilizocheka naye.

Niliondoka Koboko kwa haraka, Dokta akipiga honi nje, na nikaisahau chupa juu ya meza ya shangazi ya kuoshea. Niliikumbuka tumeshafika Arua. Niliona haya kumwambia Dokta, nikampigia shangazi simu anitunzie. Baada ya siku nne dereva wa gari la sampuli aliileta, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, mfuko umefungwa kwenye kitambaa, na kitambaa kimefungwa kamba ya katani.

"Mama amesema nishike kama mutoto," dereva akasema.

Nilipoipokea niliona ni nzito. Nilidhani ningekuta nusu tu. Nikajiambia kumbe tulitumia kidogo kuliko nilivyokumbuka, na kioo chake ni cha kahawia, hakionyeshi. Kanuni ya maabara, ambayo mimi ndiye niliyeibandika ukutani, inasema chupa iliyofunguliwa na kulala nje ya macho yako haitumiki tena. Niliisoma kanuni ile nilipokuwa nikifungua friji. Nikaiweka chupa mahali pake pa siku zote.

Asubuhi iliyofuata Dokta alinisubiri mezani. Alikuwa na boksi dogo lenye vichupa sita vya unga, ambavyo alivibeba mwenyewe kutoka uwanja wa ndege kwa sababu hakumwamini mtu. Aliyeutengeneza unga ule huko ng'ambo alikuwa ameacha kazi hiyo, na ulioko mezani ndio uliobaki. Alinieleza hilo mara tatu. Nikafungua friji na kuitoa chupa, tayari nimeinua mkono kuibana kwapani.

Haikuwa imeganda.

Niliitikisa, ikacheza kama maji. Sasa nitakuambia nilichofanya, kwa sababu hakuna mwingine anayekijua. Nilimshukuru Mungu. Dokta alikuwa akitazama saa yake, na mimi nilifurahi kwamba leo sitasimama mbele yake na chupa kwapani kama mwanamke mwenye homa. Miaka yote ile kimiminika kile kilikuwa kimenigandia kila asubuhi bila kukosa. Siku kilipokataa nikaona ni wepesi nimejaliwa. Niliyeyusha unga wa vichupa vyote sita. Kwenye kichupa cha nne niliona ukungu, mwembamba, kama maji ya mchele yaliyosuuzwa mara ya mwisho. Nikakitikisa mpaka ukatoweka, au mpaka nikaacha kuuona. Dokta aliuliza kama yote yako sawa. Nikasema yako sawa.

Vimelea vya wagonjwa wa Koboko havikufa. Tuliviwekea unga wa kwanza vikaishi, wa pili vikaishi, mpaka wa sita, vikanawiri kwenye vishimo vyao kana kwamba tumevitilia uji. Sijawahi kumwona Dokta na furaha namna ile. Alitembea chumbani akizungumza na simu kwa Kiingereza cha haraka, akisema Koboko, Koboko, mpakani pale, kuna kitu kipya kabisa. Alininunulia soda. Aliniambia safari hii jina langu litakaa juu, na kwamba barua yangu ya kwenda kusoma Kampala, ambayo nilikuwa nimemkumbusha mpaka nikaona haya, angeiandika kwa mkono wake. Kwa siku tisa nilikuwa mtu mkubwa. Nilimpigia hata shangazi kumwambia kwamba damu za Koboko zimetushangaza. Alisema haoni ajabu, watu ya Koboko iko ngumu tangu zamani.

Siku ya kumi Dokta aliagiza turudie kwa vimelea vyetu wenyewe vya maabara. Hivyo tunavifuga tangu zamani, na vinakufa kwa kitu chochote, ukivikoholea vinakufa. Navyo vikaishi.

Hapo hakukuwa na haja ya kumwuliza mtu. Nilijua mguu wangu ulipojikwaa. Jioni ile niliweka chupa mbili kwenye friji kabla ya kwenda nyumbani, ile iliyotoka Koboko na mpya ambayo haijafunguliwa. Asubuhi mpya ilikuwa kipande kigumu cheupe. Ile ya Koboko ilicheza mkononi mwangu. Kiyeyushi kikiingia maji hakigandi tena kwenye friji, na unga ule ukikutana na maji mapema unajikunja, unakuwa punje, unazama chini. Vimelea vyetu havikuwa vimefungiwa mlango wowote. Tuliyeyusha unga wa mwisho duniani ndani ya maji, kisha tukashangaa kwamba mwizi ametoka.

Nilipanda gari la abiria la asubuhi kwenda Koboko. Shangazi alikuwa kwenye kituo, koti limepigwa pasi, anafudikiza vyombo.

"Shangazi," nikamwuliza, "ile chupa yangu, wewe naongeza kitu ndani?"

"Eeh," akajibu, bila hata kuacha kazi. "Naongeza maji."

"Maji gani?"

Aliniangalia kana kwamba nimemtukana. "Ile ya mashine. Mimi naweza weka maji ya bomba kwa chupa ya watu?"

Nilikaa kwenye kigoda chake. Akadhani nimechoka na safari, akanieleza kwa upole, kwa ile sauti anayotumia kwa jambo la maana. "Chupa iko nusu. Wewe nalala kwangu, nakula kwangu, nasahau chombo yako kwangu. Sasa mimi narudisha nusu? Watu ya Arua watasema nini? Mimi nangoja mashine asubuhi mbili kupata maji ya kutosha. Najaza mpaka juu."

"Lakini maji inaharibu ile dawa."

"Inaharibu namna gani? Wewe mwenyewe naambia mimi maji ile hapana na kitu ndani." Aliuinua mkono wake mtupu kunionyesha. "Naongeza kitu safi kabisa. Iko mubaya?"

Nilitaka kupiga kelele. Nilimkasirikia kwelikweli, na leo najua hasira ile ilikuwa imekosea njia. Alikuwa ametoa kitu cha thamani kuliko vyote alivyokabidhiwa, maji ambayo hakuthubutu hata kunawia, akanijazia. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, nitalizungumza. Alinifungia simsim ya kukaanga kwenye kifurushi, nikaila yote kabla sijafika Arua, sijui hata ladha yake ilikuwaje.

Kikao kilifanyika siku iliyofuata, mimi na Dokta na fomu. Fomu ya tukio ina visanduku. Dokta hakufoka, na ingekuwa afadhali angefoka. Aliuliza kwa Kiingereza, taratibu, maji yaliingiaje. Ningeweza kusema: niliisahau chupa, ikalala nje siku nne, nikaitumia kinyume cha kanuni yangu mwenyewe, haikuganda nikaona, ukungu ukatokea nikaona. Kila neno la hayo ni kweli, na kwa hayo shangazi asingeguswa. Kuongeza kwake maji kungekuwa kosa dogo la mtu ambaye hakuambiwa. Nilikuwa na maneno hayo tayari mdomoni. Kisha nikaiona barua yangu ya Kampala. Haikuwa mezani, lakini niliiona.

"Mhudumu wa Koboko aliongeza maji," nikasema.

Aliuliza jina, nikalitaja. Hakujua kwamba ni shangazi yangu. Alipoajiriwa Dokta alikuwa Kampala, majina yetu hayafanani, na mimi sikumfahamisha. Alinisogezea fomu niandike mwenyewe. Kisanduku cha aliyehusika nilimwandika yeye. Kisanduku cha mwisho kiliuliza ni nini kingezuia kosa hili, na kilikuwa na mistari minne. Niliandika: mafunzo bora kwa mhudumu. Mistari mitatu ilibaki. Nimeiona mistari ile mara nyingi tangu siku hiyo, nikipika, nikioga, nikiwa kanisani watu wakiimba.

Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Mimi niliyefanya kazi na vyote viwili miaka yote hii, siku ya kupima nilijipendelea mwenyewe.

Walimwachisha kazi mwisho wa mwezi ule. Barua ilikuwa ya Kiingereza, akasomewa na mganga wa zahanati mbele ya watu waliopanga foleni, na ndani yake kulikuwa na maneno kwamba alitia maji kwenye kemikali za mradi. Koboko inajua kutia maji ni nini. Ni mji wa mpakani. Muuza maziwa anatia maji, muuza petroli wa chupa anachanganya na mafuta ya taa, na kila mmoja anajua sababu yake: umetoa kilicho kizuri ukauza, ukajazia. Kabla ya Ijumaa sokoni walishasema kwamba Dokta Mama alikuwa akichota dawa za wazungu na kuzivusha Kongo. Mzungu hakuwapo hata mmoja. Hakuna aliyewahi kumkuta na dawa, na hakuna aliyehitaji kumkuta. Yule jirani wa vita vya bakuli aliacha kuvuka ua.

Koti alilirudisha, limefuliwa, limepigwa pasi, na sabuni mpya ya kipande imewekwa mfukoni. Mhudumu aliyemfuata aliniambia hakuelewa sabuni ile ni ya nini. Mimi nilielewa, nikamwambia aitumie tu.

Nilimpigia simu, hakupokea. Nilikwenda, nikamkuta mke wa binamu yangu mlangoni, akaniambia shangazi yuko shambani, na nyuma yake nilisikia kikohozi cha shangazi. Barua yangu ya Kampala ilitoka. Nilisoma, nikarudi, nikapewa meza karibu na dirisha. Dokta alitengeneza bango jipya kuhusu vimiminika na akanisifu mbele ya wageni kwamba mimi ndiye niliyegundua tatizo kwa kuweka chupa mbili kwenye friji. Ujanja wa kienyeji, aliuita, kwa mapenzi. Niliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Baada ya mavuno ya mwaka uliofuata nilisaga simsim na karanga za Adumi mwenyewe, juu ya jiwe, si mashineni, mpaka mafuta yakaelea. Shangazi anaipenda siagi ile kuliko nyama. Niliijaza kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha, nikampa yule yule dereva wa sampuli. Sikutuma maneno. Kwetu kopo lenyewe ni maneno, na jibu lake lingekuja ndani ya kopo. Nilijiandaa kwa mambo mawili. Likirudi na kitu, hata chumvi, amenisamehe. Lisiporudi, au likirudi tupu, basi nimekufa kwake, na ningejua pa kusimama.

Lilikaa Koboko majuma matatu. Kisha asubuhi moja dereva aliingia uani na kifurushi, mfuko ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya kamba ya katani. Nilitambua fundo lile.

"Iko nzito, dada," akasema akinikabidhi. "Mama amesema nishike vizuri, isimwagike."

Ilikuwa nzito kweli. Niliikumbatia kifuani. Nilifikiri asali, maana msimu ulikuwa wa asali na shangazi ana mizinga miwili nyuma ya nyumba. Sikungoja kufika ndani. Nilifungua kamba pale pale barazani, kitambaa, mfuko, nikazungusha kifuniko.

Kopo lilikuwa limejaa mpaka juu, hapakuwa na nafasi ya kidole. Nilichovya, nikaonja. Hakukuwa na chumvi, wala kutu ya bomba, wala kitunguu saumu. Mtambo hakuwa nao tena. Lazima aliyachemsha na kuyachuja kwa kitambaa mara nyingi, kwa sababu hayakuwa na hata punje ya vumbi. Yalikuwa maji.

Dereva alikuwa bado amesimama, ameshika kamba, anangoja kuonjeshwa kama ilivyo desturi.

"Iko asali?" akauliza.

Nilirudisha kifuniko na kukikaza.

"Eeh," nikamwambia. "Iko asali."